Themostati janja ikifa njaa usiku wa baridi

Chukua familia moja ambayo Waafrika Mashariki wengi wanaoishi Lowell, jimbo la Massachusetts nchini Marekani, wataitambua hata bila kutajiwa jina. Mama anafanya kazi zamu ya usiku kwenye nyumba ya kulelea wazee. Baba anarudi jioni na kupokea watoto: mmoja wa miaka sita mwenye pumu, mwingine mchanga wa miezi mitano. Wanaishi ghorofa ya chini ya nyumba ya mbao iliyojengwa kabla bibi zao hawajazaliwa. Kwenye besimenti kuna boila kubwa la chuma linalopasha maji na kuyasukuma hadi kwenye rejeta za vyumbani.

Mwezi Novemba, bei zikiwa zimeshushwa, baba ananunua themostati janja, kile kifaa cha ukutani kinachoamua boila liwake lini na lizime lini. Hii mpya inaunganishwa na intaneti. Anaifunga mwenyewe akifuata video. Ile ya zamani, duara yenye rangi ya dhahabu, inaingia kwenye droo. Kwa wiki sita mambo ni mazuri. Mama akiwa kazini anafungua simu na kuona sebule ina nyuzi joto ngapi, roho inatulia.

Kisha unafika usiku wa Januari ambao nje ni nyuzi 15 chini ya sifuri. Saa tisa usiku baba anaamshwa na kilio. Skrini ya ukutani ni nyeusi tii. Anagusa rejeta, ni baridi kama jiwe la mtoni. Kipimajoto cha chumba cha mtoto kinasoma nyuzi 13 na bado zinashuka.

Anampigia kaka wa mke wake, fundi wa maboila.

"Shemeji, samahani kwa kukuamsha. Boila limekufa."

"Subiri kwanza. Nyuma ya hiyo themostati ulikuta nyaya ngapi?"

"Mbili."

"Basi boila halijafa. Kilichokufa ni themostati, na imekufa njaa."

Jibu hilo la shemeji ndilo kiini cha tatizo linalowakuta wazazi wengi wanaofunga kifaa kipya kwenye boila la zamani. Wanauliza bei, wanauliza rangi, wanauliza kama inaelewana na simu yao. Swali la umeme wa kukiendesha hawaliulizi, kwa sababu cha zamani hakikuhitaji umeme wowote.

Nyaya mbili na kazi yake

Themostati ya zamani ni swichi tu, haina tofauti kubwa na ile ya taa ya sebuleni. Ndani yake kuna utepe wa chuma uliojikunja. Chumba kikipoa utepe unajipinda, nyaya mbili zinaunganishwa, na umeme mdogo wa volti 24 kutoka kwenye transfoma ya besimenti unapita. Boila linapokea ujumbe mmoja tu: leta joto. Chumba kikipata joto, utepe unarudi, nyaya zinaachana, boila linatulia. Swichi yenyewe haili kitu. Ndiyo maana inaweza kukaa ukutani miaka 50 bila kuguswa na mtu.

Themostati janja ni kompyuta ndogo. Ina skrini, ina redio ya kuwasiliana na intaneti, na ina kazi usiku na mchana hata kama boila limelala. Inataka kulishwa muda wote, na kwa hilo inahitaji waya wa tatu ambao mafundi wanauita waya wa C. Kazi ya waya huo ni kurudisha umeme kwenye transfoma kwa njia yake yenyewe, bila kupitia kwenye swichi ya boila.

Nyumba zenye mfumo mmoja wa kupasha na kupooza hewa mara nyingi zina nyaya nne au tano nyuma ya themostati, na C ikiwemo. Nyumba za zamani za kaskazini mashariki mwa Marekani, zenye boila na rejeta na zisizo na kiyoyozi cha nyumba nzima, ziliwekewa mbili kwa sababu mbili zilitosha. Hakuna fundi aliyekosea.

Watengenezaji wa vifaa hivi walilijua tatizo, na baadhi yao wakatafuta njia ya mkato. Themostati inadokoa umeme. Boila likiwa limezima, inapitisha umeme kidogo sana kwenye nyaya zile zile mbili, kidogo kiasi kwamba boila halipaswi kushtuka, na inachaji betri iliyo ndani yake. Kwenye nyumba nyingi ujanja huo unafanya kazi vizuri, na mwenye nyumba hajui hata kama kuna wizi unaoendelea.

Shida ni pale baridi inapokaza. Boila likiwa linawaka, zile nyaya mbili zimeunganishwa, na nyaya zikiunganishwa hakuna cha kudokoa. Usiku wa kawaida boila linawaka kidogo na kupumzika, betri inajaza pengo lake. Usiku wa nyuzi 15 chini ya sifuri boila linaweza kuwaka kwa saa nyingi karibu bila kupumzika. Betri inatumika kuliko inavyojazwa. Skrini inafifia, intaneti inakatika, kisha kila kitu kinazima. Kwa maneno mengine, kifaa kinaweza kuwatupa mkono usiku ule ule mnaokihitaji kuliko usiku mwingine wowote.

Upo na upande wa pili. Baadhi ya maboila ya zamani yana rilei nyepesi, yaani swichi ndogo ya sumaku inayopokea amri ya kuwasha. Ikidokolewa umeme inaanza kutetemeka, mnasikia tik-tik-tik kutoka besimenti, au pampu inajiwasha yenyewe bila kuamriwa. Mlio huo si wa kuzoea. Unaharibu rilei.

Betri kuisha si jambo la familia moja wala la kifaa cha bei ya chini. Januari 2016, kasoro katika programu ya themostati za Nest, kampuni iliyokuwa imenunuliwa na Google, ilimaliza betri za vifaa hivyo katikati ya majira ya baridi, na watu wakaamka kwenye nyumba zilizopoa. Habari hiyo iliandikwa sana wakati ule, kisha ikasahaulika.

Mwili wa mtoto kwenye chumba cha nyuzi 13

Mtu mzima atavaa sweta na kulalamika. Mtoto wa miezi mitano hana uwezo huo. Ukilinganisha na uzito wake, ngozi yake ni kubwa, hivyo anapoteza joto haraka. Hawezi kutetemeka vizuri kama mtu mzima ili azalishe joto, na hawezi kujivutia blanketi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2018 kuhusu nyumba na afya, linataja nyuzi joto 18 za Selsiasi kuwa kiwango cha chini kilicho salama kwa jumla wakati wa baridi, na linakumbusha kuwa wagonjwa, wazee na watoto wanaweza kuhitaji zaidi ya hapo.

Joto la mwili likishuka chini ya nyuzi 35 hiyo tayari ni dharura. Na hapa kuna mtego ambao wazazi wengi hawaujui. Mtoto mchanga aliyepoa kupita kiasi anaweza kuwa na ngozi nyekundu angavu, hasa yule mwenye ngozi nyeupe, na mtu akadhani ni afya. Kwa mtoto mwenye ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani kwa urahisi, hivyo usiutegemee. Mguse kifuani, tumboni au shingoni, kwa sababu mikono na miguu ya mtoto huwa baridi hata akiwa mzima. Kifua kikiwa baridi, amelegea, analia kwa sauti dhaifu au hataki kunyonya, piga 911 bila kusubiri kuche.

Wakati msaada unakuja, njia bora ya kumpasha ni ile inayotumika kwa watoto njiti: mtoto kifuani kwa mzazi, ngozi kwa ngozi, blanketi likiwafunika wote wawili, mzazi akiwa macho. Kurundika mablanketi kitandani kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja ni hatari nyingine, yanaweza kumfunika uso na kumziba pumzi. Nguo ya kulalia yenye zipu, inayofanana na mfuko, inamfaa zaidi.

Mtoto wa pumu naye ana hesabu yake. Hewa baridi inaweza kubana njia zake za hewa usiku huo huo. Nyumba inayopoa mara kwa mara inatoa jasho kwenye kuta na madirisha, unyevu huo unaleta ukungu, na ukungu unamkoholesha hata wiki ambayo boila linafanya kazi vizuri.

Bibi anapiga simu

Turudi kwa baba wa Lowell. Saa tisa usiku kwake ni saa tano asubuhi Lushoto, na mama mkwe huwa anapiga video saa hizo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona umevaa kofia ndani?"

Akaelezwa. Ushauri wake ulikuwa wa mtu aliyelea watoto milimani: "Si muwashe jiko la mkaa mliweke hapo katikati?"

Si ushauri wa kuchekwa. Lushoto, Makete na Limuru watu wanajua baridi, na jiko la mkaa chumbani limewapasha wengi. Limewaua wengine pia. Mkaa unaowaka kwenye chumba kilichofungwa unatoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, inayoshika damu na kuizuia kubeba oksijeni. Nyumba ya Massachusetts iliyozibwa kila upenyo ili baridi isiingie ni mbaya zaidi kwa hilo kuliko nyumba yenye mwanya chini ya mlango. Oveni ya gesi iliyoachwa wazi ili ipashe jikoni inaweza kuleta hatari hiyo hiyo, na hii ndiyo inayofanywa zaidi Marekani kwa sababu haifanani na jiko la mkaa.

Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu, kama mafua lakini bila homa. Nyumba nzima ikiumwa kichwa kwa pamoja na kupata nafuu ikitoka nje, msirudi ndani. Piga 911 mkiwa huko huko nje. Massachusetts ina sheria inayoitwa sheria ya Nicole, kwa kumbukumbu ya mtoto wa miaka 7 aliyefariki mwaka 2005 baada ya theluji kuziba bomba la kutolea moshi wa mfumo wa kupasha joto nyumbani kwao. Inataka kengele ya kaboni monoksidi katika kila ghorofa ya makazi, na iwe ndani ya futi 10 kutoka mlango wa chumba cha kulala. Kama kwako haipo, hicho ndicho kifaa cha kununua kabla ya themostati ya aina yoyote.

Inabaki hita ya umeme. Hiyo inaweza kutumika, kwa masharti: ichomekwe moja kwa moja ukutani na si kwenye waya wa nyongeza, ikae futi tatu mbali na pazia, kitanda na nguo, na isiachwe inawaka watu wote wakiwa wamelala. Januari 9, 2022, moto ulioanzia kwenye hita ya umeme chumbani, katika jengo la Twin Parks mtaa wa Bronx, New York, uliua watu 17, wanane kati yao watoto. Wengi walikuwa wa familia zilizotoka Gambia.

Baba hakuwasha mkaa wala oveni. Shemeji alimuuliza ile ya zamani iko wapi. Kwenye droo. "Nenda besimenti uzime swichi nyekundu ya boila. Toa hiyo janja, rudisha nyaya zile zile mbili kwenye ile ya zamani, washa tena." Dakika 20 baadaye rejeta zilianza kugonga mlio wao wa kawaida. Mtoto alikaa kifuani kwa baba hadi mama aliporudi asubuhi.

Kuilisha kabla ya baridi

Shemeji alikuja Jumamosi. Kitu cha kwanza alichofanya ni kuvuta waya kutoka ukutani sentimita chache na kuukagua, kwa sababu wakati mwingine waya wa tatu upo, umekunjwa nyuma na kusahaulika. Ukiwepo, kazi imekuwa nyepesi: unaunganishwa kwenye C huku ukutani, na kule besimenti kwenye upande wa transfoma unaostahili. Hapo kwenye besimenti ndipo pa kumwachia fundi. Vidhibiti vingi vya maboila ya zamani vina sehemu mbili tu zilizoandikwa T na T, na C haijaandikwa popote. Ukikisia vibaya unaunguza transfoma, au unaunguza themostati uliyoilipia.

Kwa familia hii hapakuwa na waya wa tatu. Njia iliyo safi zaidi ni kufunga waya mpya wa nyuzi tano kwenye ncha ya ule wa zamani na kuuvuta kupitia ukuta huo huo, kama mtu anavyopitisha kamba mpya ya kaptula. Kwenye ghorofa ya chini, besimenti ikiwa moja kwa moja chini yake, mara nyingi inawezekana. Nyaya zilizopigiliwa misumari ndani ya ukuta hazivutiki.

Zikigoma, ipo transfoma ndogo ya volti 24 inayochomekwa kwenye soketi karibu na themostati na kuilisha yenyewe, huku boila likibaki na transfoma yake. Video nyingi hapa zinapita haraka mno. Transfoma mbili hazichanganywi hovyo. Baadhi ya themostati zina sehemu tofauti za kupokelea umeme wa kila upande. Zisizo nazo zinahitaji rilei katikati, ili kifaa kishike rilei, na rilei ndiyo iliamrishe boila. Rilei hiyo inasaidia pia pale boila linapotetemeka kwa kudokolewa umeme. Ni kifaa kidogo kisicho cha gharama kubwa, na shemeji anasema ndicho angekiweka kwenye nyumba nyingi kuliko anavyoulizwa.

Kuna nyumba ambazo jibu ni hapana. Baadhi ya vipasha joto vya gesi vya zamani havitumii umeme wa nyumba kabisa. Mwali mdogo unaowaka muda wote unazalisha umeme wake, chini ya volti moja, wa kufungulia vali tu. Huko hakuna cha kuilisha skrini, na ukiunganisha volti 24 unaharibu vali. Faida yake ni kwamba umeme wa mtaa ukikatika vinaendelea kupasha. Na ukifungua themostati ukakuta nyaya nene zilizofungwa kwa vifuniko vya plastiki, funika tena na umwite fundi umeme. Hiyo inaweza kuwa volti 120 au 240, na si ya kuchezea.

Wala si lazima kuwa na janja. Themostati ya kupangia saa, isiyo na intaneti, inayotumia betri kavu za kawaida, inaridhika na nyaya mbili. Ukibadilisha betri kila Oktoba haikusumbui. Kwa familia ambayo kuna mtu mzima nyumbani kila usiku, inatosha kabisa. Kwa mama aliye zamu ya usiku anayetaka kuona joto la chumba cha mtoto na kupata ujumbe likishuka chini ya kiwango alichoweka, ile janja ina maana, ila ilishwe vizuri.

Wapangaji wasiguse chochote kabla ya kuzungumza na mwenye nyumba. Kwa kanuni za afya za Massachusetts, katika majira ya baridi mwenye nyumba anatakiwa kuhakikisha nyumba inaweza kufikia nyuzi 68 za Farenhaiti, sawa na 20 za Selsiasi, kuanzia saa moja asubuhi hadi saa tano usiku, na nyuzi 64, karibu 18 za Selsiasi, kwa saa zilizobaki. Asipofanya hivyo, bodi ya afya ya mji inapokea malalamiko na kutuma mkaguzi. Ukiwa umebadilisha themostati yake bila ruhusa, mazungumzo hayo yanakuwa magumu kwako.

Halafu ile ya zamani kwenye droo. Nyingi za duara zilizoenea Marekani tangu Honeywell walipoanza kuziuza mwaka 1953 zina kichupa cha kioo chenye zebaki ndani. Zebaki ikimwagika inatoa mvuke, na mvuke huo unadhuru ubongo wa mtoto anayekua. Usiitupe na taka za kawaida, wala usiiache watoto wanapofika. Iweke kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, ndani ya kopo, kabatini juu, hadi mpya imalize majira mazima ya baridi bila kuzima. Baada ya hapo ipelekwe kwenye kituo cha mji kinachopokea taka hatari.

Na kabla ya kumwamsha shemeji yeyote saa tisa usiku, angalia ile swichi nyekundu. Katika nyumba nyingi za huko inakaa juu ya ngazi za besimenti, inafanana kabisa na ya taa, na mtoto wa miaka sita anaifikia. Wiki mbili baada ya waya mpya kupita, boila la Lowell lilizima tena mchana. Safari hii skrini ilikuwa inawaka vizuri, na simu ya mama ilimjulisha kuwa joto linashuka. Mwenye pumu alikuwa ametafuta mwanga wa kushukia besimenti kuchukua mpira wake.